Mkono Usiofika Kichwani

Mdogo wangu wa kike alichelewa kutembea, na alipoanza aliyumba kiunoni kama bata. Nyumbani kwetu Nyangoto jambo hilo halikumshtua mtu. Mama alimpeleka kliniki, akapimwa uzito, tukaambiwa mtoto ni mzima. Na kweli alionekana mzima. Alikuwa na mashavu, aliongea mapema kuliko sisi wengine wote, na wageni walikuwa wanaondoka kwetu wakirudia maneno yake njiani. Tofauti ilikuwa kwenye kope tu. Zilishuka nusu, ukimtazama ungesema ameamshwa kabla hajashiba usingizi.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Alishuka kwenye duara, shimo la dhahabu, na wenzake, wakatoa mawe, na mgao wake aliuleta nyumbani kwa viroba. Mama na sisi watoto tuliyaponda kwa nyundo mbele ya mlango kabla hayajapelekwa kusagwa kwenye mashine za makarasha. Kila mtoto aliyeweza kukaa chini bila kuanguka alipewa nyundo ya ukubwa wake. Mdogo wangu alipiga mapigo matano, sita, kisha nyundo ikaanza kuangukia pembeni ya jiwe. Hapo aliiweka chini kwa mikono miwili na kuanza kutusimulia kisa, mara cha jirani aliyefukuzwa na jogoo, mara cha mwalimu aliyekalia wino. Mama alicheka kwanza, halafu akakasirika.

"Wewe kazi yako ni mdomo tu," alimwambia.

Tuliamini anaacha kazi ili asimulie. Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba alikuwa anasimulia ili tusiuangalie mkono wake.

Shuleni ilikuwa vilevile. Aliyajua majibu lakini hakunyoosha mkono, na mwalimu mmoja aliyependa mikono iwe juu alimchapa mara nyingi kwa kiburi. Njia ya kwenda shule ilipanda kilima, na alikuwa anapumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Wenzake walimwita Msinziaji. Shangazi yetu alimleta mganga kutoka upande wa Sirari, mzee mwenye Kiswahili cha Kenya, akasema "huyu mtoi amefungwa macho na mtu wa karibu," akamchanja chale ndogo juu ya kope zote mbili na kuzipaka dawa nyeusi. Makovu yale alikuwa nayo mpaka mwisho.

Nina kosa langu mwenyewe la siku zile. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye minane. Tulitumwa kuni. Wakati wa kurudi, jua likiwa linashuka, aliuacha mzigo wake uanguke, akakaa kando ya njia.

"Kaka, miguu imekataa."

"Imekataaje? Asubuhi si ulikuwa unakimbia?"

"Asubuhi ilikubali."

Nilimwona ananichezea. Nilimwambia atakaa hapo na fisi, nikaondoka na mzigo wangu. Nilitegemea atanifuata akilia, na kila nilipogeuka nilimwona amekaa palepale, mdogo zaidi, hapigi hata kelele. Nilipofika nyumbani nilimwambia baba kwamba amegoma. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani ndiye aliyemleta, amembeba mgongoni. Baba alimchapa mbele yangu kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Hakujitetea. Aliponitazama kwa yale macho yaliyofunguka nusu sikuweza kujua kama ana hasira na mimi au amechoka tu.

Baba alifariki kwa kifua, ugonjwa wa vumbi la mawe, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilisomea ualimu wa biolojia. Nilipopangiwa sekondari wilaya ya Serengeti nilipanga nyumba Morotonga, nikaoa, na baada ya muda mdogo wangu akaja kukaa nasi. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Nyumbani hakuna aliyejitokeza kumposa, maana mwanamke asiyeweza kubeba ndoo ya maji angeolewa na nani? Mama alinipigia simu akasema, "Kaa naye wewe uliyesoma. Mimi nimechoka kumsukuma."

Aliishi kwetu kama mtu anayejua anaishi kwa watu. Alichambua mboga akiwa amekaa, alifundisha watoto wa jirani kusoma, alimchekesha mke wangu mpaka akaacha sufuria ziungue. Nywele alikata fupi kabisa. Mke wangu aliwahi kumwambia azifuge, angependeza. Alijibu kwamba kichwa chake kiko mbali.

"Mbali na nini?"

"Na mikono yangu, wifi."

Tulicheka wote watatu.

Mwaka ule nilipewa kidato cha sita. Ilinibidi niisome upya sura ya neva na misuli, na katika kitabu kimoja cha chuo nikakuta jambo ambalo nililipita haraka nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa najua kwamba neva humwaga kemikali kwenye misuli, na misuli hujikunja. Kila mwalimu anajua. Sikuwa nimetilia maanani kwamba makutano ya neva na misuli hujengwa, na hujengwa kwa mazungumzo. Mtoto akiwa bado tumboni, ncha ya neva hukua ikielekea kwenye misuli. Ikifika hutoa protini fulani, na misuli ikiipata hukusanya vipokezi vyake mahali pale pale ilipoguswa. Darasani niliwaeleza hivi: neva inapiga hodi, misuli inaitika karibu na kutandika mkeka mlangoni. Wasipoitikiana, mlango haujengeki, na hata baadaye neva ikimwaga kemikali kiasi gani, itamwagika nje.

Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa mtu ambaye hawakuitikiana vizuri anakuwaje?"

Nikamjibu kwa haraka, "Anakuwa dhaifu. Anaanza vizuri, kisha misuli inachoka kabla ya wakati. Kope zinaanguka."

Nilibaki nimeshika chaki. Wanafunzi walidhani nimesahau notisi.

Siku hiyo niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, asiishushe mpaka nimwambie. Alicheka, akasema mwalimu amekosa watu wa kuwaadhibu. Akanyoosha. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Kabla sijafika ishirini mikono ilianza kutetemeka, ikashuka polepole, akawa anaitazama kana kwamba si yake. Nikamwambia atazame juu, kwenye ukingo wa bati, bila kupepesa. Kope zikaanza kushuka moja baada ya nyingine.

"Umeona nini?" akauliza.

"Wewe si mvivu," nikasema.

"Hilo nilikuwa nalijua," alisema. "Nilidhani mnalijua na nyie."

Hospitali ya wilaya walitupa rufaa kwenda Mwanza. Tulipanda basi la alfajiri, nikamshika kiuno kupanda ngazi. Bingwa wa mishipa ya fahamu alimpima kama nilivyompima mimi uani, ila kwa nyundo ndogo ya mpira na saa. Akasema ugonjwa huu unajulikana, na dawa ipo: vidonge vinavyoifanya ile kemikali ya neva ikae muda mrefu kwenye makutano kabla haijavunjwa. Nilifurahi mno. Nilimweleza bingwa yale niliyoyasoma, naye akatabasamu kama anavyotabasamu mtu mwenye wagonjwa wengine ishirini kwenye benchi.

Wiki ya kwanza aliinua kikombe kwa mkono mmoja. Nilimpigia mama simu nikamwambia mtoto wake amepona. Sijui kwa nini nilitumia neno lile.

Wiki ya tatu alianza kushindwa kunyanyuka kitandani bila kuvutwa. Nikasema ni kwa kuwa dawa bado haijakolea. Wiki ya tano alianza kula uji tu.

"Kaka, hivi vidonge vinanimaliza."

"Dawa huchukua muda. Vumilia."

"Naujua mwili wangu. Nikimeza, baada ya muda nakuwa kama gunia lililolowa."

"Daktari bingwa ndiye anayejua. Mimi pia nimesoma. Utaacha dawa ukiwa umeshaanza kupata nafuu?"

"Nafuu gani?"

Nilimpa kidonge na maji, nikasimama pale mpaka akameza. Mke wangu alinifuata jikoni akasema kwa sauti ya chini, "Msikilize. Anayeumwa ni yeye." Nikamwambia asiniingilie katika jambo nililolisomea. Nikampigia bingwa, naye kwa simu ya dakika moja akasema tuongeze kipimo. Nikaongeza.

Naandika haya nikijua kwamba nilikuwa nafanya kile kile nilichofanya kwenye njia ya kuni. Mara ya pili sikuwa na miaka kumi na mitatu.

Jumapili moja mchana uji ulimpalia. Haukutoka wala haukushuka. Mke wangu alimwinamisha, nikampiga mgongoni, midomo ikaanza kubadilika rangi, kisha ukatoka kidogo akapata pumzi nyembamba yenye mlio. Tulikodi gari. Njia nzima hadi Mwanza nilimshikilia akae wima kwa sababu akilala pumzi ilikata. Hakuweza kusema. Kila tulipopita kwenye tuta alinishika mkono, na nilihisi jinsi vidole vinavyojaribu kubana na kushindwa.

Safari hii alipokelewa na daktari kijana, mwanamke, aliyesoma faili lote akiwa amesimama. Alisimamisha vidonge siku hiyo hiyo. Alituuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: alitembea lini, alipokuwa ananyonya alikuwa na mlio kooni, kope zilishuka tangu lini. Nilimpigia mama, akajibu kila swali bila kusita. Alikuwa anakumbuka yote. Mlio kooni ulikuwepo, alisema. Walikuwa wakimwita kitoto cha paka.

Daktari alisema anashuku aina ya kuzaliwa nayo, ile adimu. Kipimo cha vinasaba hakipatikani hapa, damu lazima ipelekwe nje ya nchi kupitia watafiti anaowafahamu. "Itachukua muda," alisema, "na sitaki kukuahidi."

Tulikaa wodini wiki tatu. Jioni moja, alipoweza tena kuongea sentensi nzima, nilimwambia kuhusu zile kuni. Nilimwambia kwamba nilimdanganya baba, kwamba fimbo zile zilikuwa zangu.

"Najua," alisema. "Si nilikuwepo?"

"Kwa nini hukusema?"

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. "Ningesema nini? Miguu imekataa? Nilishasema."

Kisha akaomba nimgeuze upande wa dirishani.

Tulirudi Morotonga bila dawa yoyote, na alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Majibu yalipokuja daktari yule alituita, akachora kwenye karatasi. Akanieleza kama mwalimu kwa mwalimu. Neva ya mdogo wako inatoa ujumbe wake vizuri, alisema. Mlango wa nje wa misuli unaupokea. Ila ndani ya misuli kuna protini inayopaswa kuuchukua ujumbe huo na kuamuru vipokezi vikusanyike, na hiyo ndiyo imeumbika vibaya. Makutano yake yote, mwili mzima, yalijengwa madogo tangu tumboni.

"Na vile vidonge?"

Aliweka kalamu chini. "Kwa wenye ugonjwa wa aina nyingine vinasaidia. Kwa aina hii vinazidi kuyabomoa makutano. Ni kama kufungulia maji mengi kwenye ukuta wa tofali mbichi."

Mdogo wangu hakunitazama. Nafikiri alifanya hivyo kwa huruma.

"Dawa ya hii ipo?" aliuliza yeye.

Daktari akasita, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine. Akasema ipo, na inashangaza: vidonge vya pumu. Salbutamol. Havirekebishi kosa, lakini kwa miezi mingi huyaimarisha makutano. Vinauzwa kila duka la dawa. Nilikumbuka lile duka la Bomani, mjini Tarime, tulipokuwa tukimchukulia baba dawa za kifua. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa anakaa kwenye ngazi ya duka akinisubiri kwa sababu hakuweza kuipanda haraka. Vidonge vile vilikuwa kwenye kopo, kwenye rafu, nyuma ya muuzaji. Baba alivimeza kwa miaka.

Alianza kuvimeza mwezi wa sita. Miezi miwili hatukuona kitu. Mwezi wa nne tangu aanze dawa, asubuhi moja mke wangu aliniita chumbani kwa mdogo wangu. Alikuwa amekaa kitandani, ana kitana mkononi, na mkono ulikuwa juu ya kichwa. Alichana mara moja, kutoka mbele hadi kisogoni. Nywele hazikufika hata nusu ya kidole. Alishusha mkono, akapumzika, akaupandisha tena.

"Kumbe kichwa changu kina bonde huku nyuma," alisema. "Sikuwahi kupafika."

Siku hiyo nilichelewa shule. Hiyo ndiyo siku nzuri niliyonayo, na sina nyingine ya kuiweka karibu nayo.

Daktari alikuwa ametuonya. Misuli ya kifua ilikuwa imefanya kazi nusu kwa miaka ishirini na sita, uti wa mgongo ulikuwa umepinda, mapafu hayakuwahi kujaa. Dawa isingeweza kuyanyoosha hayo. Masika yalipoingia alipata mafua ambayo sisi wote nyumbani tuliyapata na kuyapuuza. Kwake yalishuka kifuani. Hakuweza kukohoa kwa nguvu ya kutoa kitu. Alikuwa anakohoa kwa adabu, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi. Hospitali ya wilaya walimwekea oksijeni na antibiotiki ya mshipa. Barabara ya Mwanza ilikuwa na maji na gari la wagonjwa lilikuwa limeenda na mama mjamzito. Tulisubiri lirudi. Lilirudi saa nane mchana, na yeye alikuwa ameondoka saa sita na kitu, mke wangu akimshika miguu kwa sababu alilalamika ina baridi. Mimi nilikuwa nje naongea na dereva kwenye simu.

Tulimzika Nyangoto, karibu na baba. Watu walikuja wengi, wachimbaji kwa wakulima. Katika salamu za rambirambi mwanamke mmoja alisema marehemu alikuwa mcheshi ingawa kazi hakuiweza, na hakusema kwa ubaya.

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nifungue mdomo. Siku ya tatu, wageni walipopungua, nilimfuata mama nyuma ya nyumba alipokuwa anamenya mihogo. Nilitaka ajue kwamba mwanawe hakuwa mvivu. Niliona ni deni langu kwa marehemu. Nilimweleza kwa Kikurya, na pale maneno yalipoisha nikachanganya Kiswahili: kwamba mwili wa mtoto ulikosea tangu tumboni, kwamba neva iliita na misuli haikusikia vizuri, kwamba nguvu haikuwepo, haikuwahi kuwepo, asingeweza kupiga pigo la saba hata angetaka vipi.

Mama alisikiliza akiendelea kumenya. Nilipomaliza akauliza, "Tangu tumboni mwangu?"

"Ndiyo, mama. Si kosa lako. Nusu ilitoka kwako, nusu kwa baba, na nyie wenyewe hamkuwa na dalili."

"Kwa hiyo nilikuwa nampiga mgonjwa."

"Hukujua."

"Miaka yote ile nilikuwa nampiga mgonjwa." Alikiweka kisu ndani ya beseni. "Kwa nini umeniambia?"

Nilifikiri nilikuwa nampa kitu. Kabla ya hapo alikuwa na binti mvivu aliyemlilia. Sasa alikuwa na binti mgonjwa aliyemchapa, na wa kumwomba msamaha hayupo. Mke wangu ndiye aliyemaliza mihogo ile. Mama aliingia ndani akalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Tangu hapo hatuongelei habari zile. Nikienda kumsalimia anauliza kuhusu kazi, kuhusu mvua za upande wetu, na mara nyingi anazungumza na mke wangu zaidi kuliko mimi.

Mwezi uliopita yule daktari wa Mwanza alinipigia. Alinipa pole, kisha akasema ndugu wa damu wa mgonjwa kama yule wanashauriwa kupima, kwa sababu naweza kuwa nimebeba nusu ya kosa bila dalili yoyote. Mke naye apimwe, alisema, kabla ya watoto. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Nilimshukuru daktari, nikaandika namba ya maabara nyuma ya daftari la mahudhurio.

Mke wangu ananiuliza kila baada ya siku chache kama nimepiga. Namwambia shule ina mitihani. Ananitazama, anaweka mkono tumboni, anasema leo mtoto amecheza kidogo tu. Nami namuuliza kidogo kiasi gani, na jana alikuwaje, na juzi.